Ile fonti nene iliyolala kwenye kadi za harusi: ni nini hasa, na mbona kwako inatoka vibaya

Mama mmoja alinijia na simu mkononi, kwenye skrini kuna picha ya kadi ya sendofu ya binti wa jirani yake, akaniambia mwanangu mimi nataka maandishi kama haya, haya yaliyolala afu manene, yana heshima. Nikaivuta ile picha nikaangalia majina vizuri, nikaitambua hapohapo: Playfair Display Bold Italic. Sasa mama alikuwa na kadi nyingine kwenye pochi, sampuli aliyoprintiwa na kijana mmoja kabla hajafika kwangu, na yule kijana alimwapia kabisa kwamba fonti ni hiyohiyo Playfair. Nikaziangalia zote mbili. Kwenye simu majina yanatiririka kama yameandikwa na mtu mwenye mkono mzuri, kwenye karatasi yamejaa jaa tu, yameinama kama ukuta wa makuti baada ya upepo wa kusi, na matundu ya e yote yamezibika. Mama akaniuliza, jina lilelile, mbona sura si ileile?

Na yule kijana hakudanganya, fonti ilikuwa Playfair kweli. Ila Bold Italic yenyewe haikuwemo kwenye kompyuta yake, kompyuta ikaamua kumtengenezea ya bandia bila hata kumwambia.

Hapa ndo watu wengi tunapochanganyikiwa. Tumezoea vile vitufe viwili, B (Bold, ya unene) na I (Italic, ya mlazo), tunavichukulia kama chumvi na pilipili, maandishi yapo tayari sisi tunanyunyizia tu juu. Kumbe kwa fonti za aina hii Bold Italic ni mchoro unaojitegemea, faili lake peke yake, mtu kakaa akachora a yake na b yake mpaka z bila kuzigusa zile zilizosimama. Ili uelewe kwa nini kazi yote hiyo ilihitajika lazima turudi nyuma, maana mlazo na unene havikuzaliwa nyumba moja wala karne moja.

Mlazo ndo mkubwa kwa umri. Mwaka 1501 kule Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwenye kitabu kidogo cha kushika mkononi, na kitabu chote alikichapa kwa herufi zilizolala, alizochongewa na fundi anaitwa Francesco Griffo. Walikuwa wanaiga mwandiko wa harakaharaka wa wasomi na makarani wa Italia, ndo maana mpaka leo tunasema italiki. Cha kushangaza ni kwamba hazikuwa za kukazia neno hata kidogo, ndo zilikuwa maandishi ya kawaida ya kitabu, tena herufi kubwa zake zilikuwa bado zimesimama wima kama askari, ni zile ndogo tu zimelala. Kuzichanganya na zilizosimama, yaani neno moja lilale katikati ya sentensi, hiyo tabia ilikuja kukomaa baadaye. (Griffo na Aldus waligombana wakaachana, na mwaka 1516 Griffo akashtakiwa Bologna kwa kumuua mkwe wake kwa nondo. Fundi wa herufi nzuri kiasi kile, aisee.)

Ruka miaka mia mbili na nusu uende Birmingham, Uingereza, kwa John Baskerville. Huyu alianza na kufundisha mwandiko na kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, akaja kutajirika kwa kutengeneza vyombo vya kupakwa vanishi nyeusi inayong'aa, na pesa ikishaingia ndo akajiingiza kwenye uchapaji. Kitabu chake cha kwanza, mwaka 1757, kilikuwa cha nani? Virgil tena. Ila herufi zake zilikuwa na kitu kipya, pale kwenye unene ni nene kweli na pale kwenye wembamba ni uzi, na ili huo uzi usipotee akatafuta wino mweusi zaidi na akawa anabana karatasi kwa mabamba ya moto iwe laini. Hiyo tofauti ya unene na wembamba inatokana na kalamu yenye ncha kali, ile ambayo ukiikandamiza mstari unapanuka na ukiilegeza unakuwa unywele, tofauti na kalamu ya ncha bapa kama ya mwanzi ambayo unene wake unatokana na unavyoishika na kuigeuza.

Watu wakamsema sana. Wakasema herufi zake zinaumiza macho. Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyekuwa mchapaji naye kabla ya siasa, alimwandikia Baskerville barua mwaka 1760 akimsimulia alivyomkomesha bwana mmoja aliyekuwa anadai Baskerville atawapofusha wasomaji wa nchi nzima: akachukua karatasi ya sampuli ya herufi za Caslon, mshindani wa Baskerville, akachana pale juu penye jina, akampa yule bwana akamwambia hizi hapa za Baskerville hebu nionyeshe kasoro. Na bwana akaanza kuzionyesha moja baada ya nyingine, huku analalamika macho yanauma. Na zile zilikuwa herufi alizokuwa anazisoma miaka yote bila tabu yoyote.

Playfair imetokea kwenye ukoo huo. Ilichorwa na Claus Eggers Sørensen, ikatoka Google Fonts mwaka 2011, bure kabisa, leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kwenye kazi za kulipwa ilimradi usiliuze faili la fonti lenyewe peke yake. Ubure huo nadhani ndo sababu imeenea mpaka leo ukipita kwenye kadi, menyu za hoteli, vibandiko vya sabuni za kutengeneza nyumbani, kila mahali ipo.

Sasa unene. Mchapaji wa wakati wa Baskerville ukimwambia nipe hii herufi yako ila boldi angekushangaa tu, hamna kitu kama hicho. Herufi nene za matangazo zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, na wazo la kuwa na herufi nene ya kukaa bega kwa bega na maandishi ya kawaida ndani ya mstari mmoja linahesabiwa kuanzia Clarendon, iliyosajiliwa London mwaka 1845 na Robert Besley wa karakana ya Fann Street. Ulinzi wa kisheria ulikuwa wa miaka mitatu tu, ulipoisha kila karakana ikawa na Clarendon yake.

Kwa hiyo piga hesabu. Mlazo 1501, unene 1845. Bold Italic ni ndoa ya watu waliopishana zaidi ya miaka mia tatu, na Bold Italic ya mtindo wa Baskerville ni kitu ambacho Baskerville mwenyewe hakuwahi kukiona kwa macho yake. Hakuna pa kukopia. Anayeichora inabidi ajiulize mwenyewe, mkono uliokuwa unaandika haraka na kwa wepesi, ukiunenepesha utabakije mwepesi? Mimi naona hapo ndo fonti nyingi zinapoanguka na Playfair inaposimama.

Angalia alivyofanya. Pale kwenye unene amepanua kweli, lakini zile nyuzi nyembamba kaziacha karibu vilevile, kaziongezea kidogo tu. Matokeo yake tofauti ya nene na nyembamba kwenye Bold Italic ni kubwa kuliko kwenye ile ya kawaida, na ndo inaleta ule mng'ao ambao mama aliuita heshima. Kimo cha herufi ndogo kiko juu, yaani a na e na o zimejaa, hazijazama chini ya herufi kubwa, kwa hiyo hata mistari ikibanana bado maandishi yanaonekana makubwa. Na umbo lenyewe linabadilika, si kuinama tu: a iliyosimama ina kale kapaa juu, ikilala paa linaondoka inabaki ile a tuliyofundishwa kuandika kwa mkono darasa la kwanza. f inaota mkia unaoshuka chini ya mstari. Vile vijiguu vya mwisho wa herufi, yaani serifu, kwenye iliyosimama vimekaa kama nyayo, kwenye iliyolala vinageuka kuwa kama mwanzo na mwisho wa mpigo wa kalamu, herufi inaingia na kutoka.

Kompyuta ikighushi haijui lolote kati ya hayo. Kwenye unene inachofanya ni kuizungushia herufi mstari pande zote sawasawa, kwa hiyo uzi unanenepa kiasi kilekile na pande la nene, tofauti inakufa, na matundu ya ndani yanaziba, zile e za mama ndo zilikufia hapo. Kwenye mlazo inasukuma tu sehemu ya juu kwenda kulia. O inakuwa yai lililobonyezwa, a inabaki na paa lake limeinama, f haina mkia. Kipimo changu cha haraka ni neno rafiki. Liandike likiwa na B na I zote, ukiona a ina paa na f imeishia kwenye mstari basi unaangalia bandia, hata kama juu kwenye menyu pameandikwa Playfair Display.

Mara nyingi kosa linaanzia kwenye kupakua. Mtu anashusha zipu kutoka Google Fonts, anafungua, anabofya faili moja la herufi zilizosimama, anainstoli, kwisha. Anakuwa na ile iliyosimama tu. Ingia ndani ya zipu kuna folda imeandikwa static, humo kuna PlayfairDisplay-BoldItalic.ttf, hiyo ndo yenyewe, instoli pamoja na nduguze Regular, Italic na Bold. Zikiwepo zote nne, ukibonyeza B na I kwenye Word programu inaenda kuchukua faili halisi, ikiwa ipo moja tu inakughushia kimyakimya. Photoshop ina vitufe vya kughushi kabisa kwenye paneli ya herufi, tena vimewekwa pazuri pa kubofya, viache. InDesign na Illustrator mi nazipendea hapa, hazighushi, faili kama hakuna hakuna, utakasirika lakini angalau umejua mapema. Kwenye tovuti ni balaa lingine, ukimuomba Google akupe uzito wa 400 (ule wa kawaida) iliyosimama peke yake afu kwenye CSS, yale maagizo ya mwonekano wa tovuti, ukaandika boldi na italiki, brauza itaghushi vyote viwili, na wewe kwenye laptopu yako ambayo fonti umeinstoli unaweza usijue kabisa kama CSS yako inaruhusu kuchukua ya kwenye mashine. Weka font-synthesis: none wakati unajaribu, bandia zote zitajianika zenyewe.

Tuseme sasa unayo halisi. Unaitumia wapi? Neno Display kwenye jina lake si pambo, maana yake ni herufi ya saizi kubwa, kichwa cha habari, jina, nukuu fupi ya kuivuta pembeni ya makala. Chini ya pointi 14 hivi mi siigusi, nyuzi zinaanza kukatika kwenye karatasi ya kawaida na macho yanaanza kufanya kazi. Aya nzima ya Bold Italic usithubutu, ni kama mtu anayeongea kwa kubembeleza muda wote, dakika ya kwanza anapendeza, dakika ya tano unatafuta mlango. Maelezo ya chini ya kadi, ukumbi, muda, weka fonti iliyotulia, Lato au Source Sans, au kama unataka nayo iwe na serifu basi Georgia inakaa nayo vizuri sana. (Kuna toleo jipya la 2023 linaitwa Playfair tu bila Display, lenyewe linajirekebisha kulingana na saizi, kwa maandishi madogo nyuzi zinanenepa. Wengi hawajalijua bado.)

Kwenye kadi kuna alama moja ambayo Bold Italic inaimudu kuliko kitu chochote, nayo ni &. Asili yake ni neno la Kilatini et, maana yake "na", e na t zimeshikana mpaka zikawa herufi moja, na kwenye mlazo ndo mkono wa mwandishi unaonekana. Majina ya maharusi ukiyaweka kwa italiki ya kawaida na hiyo & katikati ukaipa Bold Italic ya saizi mara mbili, kadi imeshakamilika, huhitaji maua.

Na unene wenyewe una kazi ya kiwandani ambayo watu hawaifikirii. Italiki ya kawaida ukiichapa nyeupe juu ya rangi ya zambarau iliyokolea, wino wa pembeni unatambaa unaumeza ule uzi, jina linatoka vipandevipande. Bold Italic inavumilia zaidi, si sana lakini zaidi. Foili ya dhahabu ni hivyohivyo. Stika ya kukata kwa plotta ndo kipimo cha mwisho, pale kwenye kung'oa mabaki uzi mwembamba unang'oka nao, kwa hiyo kwa kioo cha gari au mlango wa saluni hata Bold Italic hakikisha herufi ndogo zina kimo cha kutosha, au tafuta fonti nyingine kabisa. Tisheti vilevile.

Kuna mambo ya Kiswahili pia, haya huyakuti kwenye mafunzo ya YouTube kwa sababu wanaofundisha wanajaribia kwa Kiingereza. Lugha yetu imejaa a, ndo herufi inayotokea kuliko zote, na a ndo ile inayobadilika umbo ikilala, kwa hiyo Kiswahili kikilazwa kinabadilika sura kwa nguvu kuliko Kiingereza. Jaribu neno haraka, au jina Salama: likilala ni neno jipya. Hiyo ni faida. Hasara yake ni m, n, u na i, ambazo kwenye Bold Italic zote ni vijiti vinene vilivyoinama kwa mwinamo mmoja, ukikutana na neno kama muumini au umuhimu unapata uzio wa miti badala ya neno, jicho linaanza kuhesabu vijiti. Ongeza nafasi kati ya herufi kidogo tu, kidogo kweli, au chagua neno lingine la kulikoleza.

Alafu ng'. Wateja wanatuma maneno kwa WhatsApp na simu nyingi zinatoa ile alama iliyonyooka kama msumari, ukiibandika kwenye Bold Italic inaonekana kijiti kigeni kimechomekwa kati ya g na herufi inayofuata. Badilisha uweke ile iliyopinda kama koma, afu angalia isigongane na sikio la g, yaani kale kakipande kanakochomoza juu kulia, sogeza kwa mkono kama inabidi. Jina kama Ng'wanamalundi kwenye bango la mita tatu bila kusogeza hiyo alama utaaibika mtaani. Na usiandike neno zima kwa herufi kubwa, HARUSI YA MWAKA kwa Bold Italic inapoteza kila kitu nilichokisema, maana uzuri wote wa mlazo umekaa kwenye herufi ndogo, zile kubwa zimefuata mkumbo tu. Si unakumbuka kwa Aldus zilikuwa hata hazijalala.

Turudi kwa mama. Nilimtengenezea, nikaprinti sampuli, akafurahi, akaondoka. Baada ya saa moja kapiga simu, kaka mbona namba za simu zinaruka? Nikajua. Tarakimu za Playfair kwa kawaida yake ni za mtindo wa zamani, 0 na 1 na 2 zina kimo cha herufi ndogo, 6 na 8 zinapanda juu, 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Ndani ya sentensi zinapendeza mno kwa sababu nazo zinakuwa na tabia ya herufi ndogo, lakini namba ya simu yenye 0 na 7 na 5 zimefuatana inaonekana kama ngazi iliyovunjika, na sifuri mtu anaweza kuisoma o. Zile zinazosimama sawa zimo ndani ya fonti hiyohiyo, kwenye Word nenda kwenye mipangilio ya fonti upande wa Advanced, pale kwenye umbo la namba chagua Lining, kwenye InDesign na Illustrator ziko kwenye menyu ya OpenType, kwenye tovuti andika font-variant-numeric: lining-nums. Nikabadilisha kadi nzima, nikamtumia picha.

Akajibu kwamba namba za simu sasa zimenyooka, asante sana, ila kwenye tarehe ya sherehe naomba urudishe zile zinazoruka, zilikuwa zimependeza.